Kizibo Mahali pa Askari

Meza ya tatu, ukumbi wa zamani wa reli, Mbale,
raundi ya mwisho ya ligi ya vilabu.
Tunahitaji pointi nzima. Nusu haitufikishi popote.
Mguu mmoja wa meza umekunjiwa gazeti,
na katika jeshi langu jeupe amepungua mmoja:
askari wa tatu kutoka kulia alipotea Tororo mwaka juzi.
Mahali pake kimesimama kizibo cha soda, chekundu,
meno juu, kama taji la mnadani.

Mbele yangu Gidudu, mwenye duka la dawa.
Vidonge huvihesabu kwa kisu, vitano vitano,
na hatua huzihesabu vivyo hivyo, midomo ikicheza.

Akabonyeza saa.
Askari wa mfalme, hatua mbili.
Naye, hatua mbili. Wakasimama pua kwa pua
kama majirani wenye kesi ya mpaka.
Nikakisukuma kizibo.

Meza ya pili wakageuza shingo.
Gambiti ya Mfalme! Nani anaicheza siku hizi?
Vijana hujenga ua kwanza, hufunga komeo,
ndipo wachungulie dirishani.
Mimi nimeufungua mlango wa chumbani
na shati sijavaa.

Baba, konstebo wa kambi ya Soroti,
aliyenichorea ubao kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku,
hakuupenda ufunguzi huu hata kidogo.
"Askari hatolewi bure," alisema.
"Askari ana mke. Ana deni dukani."

Gidudu akala.
Kizibo akakilaza kando ya kiwiko chake, juu ya leso.
Nikatoa farasi. Akasukuma askari kumlinda mlaji.
Nikamchokoza kwa askari wa ukingoni;
akanipita, akamtisha farasi,
farasi akarukia katikati ya uwanja.
Hadi hapo nilijua kila neno.
Kitabu changu kinaishia hatua ya sita,
kurasa nyingine ziliwashia jiko.
Ya saba ilikuwa yangu peke yangu.

Ndipo mvua ikashuka kutoka Wanale
na mabati yakatunyang'anya mlio wa saa.
Nilishambulia nikiwa kiziwi.
Kwa dakika kumi na tano hivi
nilikuwa mfalme wa Mbale yote:
askofu wangu akipiga mshazari hadi kwenye kisigino chake,
Asekenye, nahodha wetu, ameacha kutafuna karanga.

Ilibaki kutoa ngome.
Niliiona njia, nyeupe, hatua nne, labda tano.
Mkono ukaenda, ukaning'inia.
Ana mke. Ana deni dukani.
Nikaurudisha mkono, nikasogeza mfalme pembeni.
Hatua ya woga huvaa koti la busara;
Asekenye peke yake ndiye aliyeikagua mifuko.
Akarudia karanga zake.

"Sare?" Gidudu akauliza, kwa upole wa kweli.
Nikatikisa kichwa. Ningefanyaje?

Yule askari mweusi aliyekula kizibo
alikuwa amekaa palepale mchana kutwa, hana haraka.
Sasa akaamka.
Hatua moja. Nikamzuia, akasaidiwa.
Ya pili.
Ya tatu akaingia kwangu bila kubisha hodi.

Malkia wao alikuwa bado yu hai ubaoni,
kwa hiyo mwamuzi akapekua masanduku kutafuta wa pili:
farasi asiye na masikio, ngome mbili, betri kuukuu.
Gidudu akanitazama juu ya miwani,
akakiinua kizibo kwenye leso.
"Huyu atafaa?"

Nikasema atafaa.

Akamsimamisha kwenye kizingiti changu, meno juu.
"Shaha."

Tukapeana mikono, tukatia saini.
Mvua haikuwa na habari.
Nikakiomba kizibo changu, nikakirudisha
kwenye shimo la askari wa tatu kutoka kulia.
Kilinuka dawa ya kikohozi.